Pole na Safari

"Usimwambie Rahma," Said aliniambia kwenye simu. "Yuko safarini. Akirudi tutamkalisha, tutamwambia taratibu." Mama yao, Zuwena, alikuwa ameanguka chooni asubuhi ile, damu ikavujia kichwani, na madaktari walishawaambia watoto wasikae mbali. Said hakunipigia kwa kuwa mie ni mtu wa kupewa habari. Alinipigia kwa kuwa wageni wataanza kumiminika nyumbani kwao Madinat Sultan Qaboos, na kulitakiwa mtu wa kusimama jikoni. Nikamuuliza, "Rahma yuko wapi?" Akasema, "Ubelgiji, na mumewe na watoto. Kule kule tulikokwenda zamani sote. Unakukumbuka?" Kisha akacheka kidogo, kama anayemkumbusha mwenziwe jambo tamu.

Nakukumbuka, Said. Nakukumbuka kuliko nyote, kwa sababu nyinyi mmekwenda pengi baada ya pale, na mie sikwenda tena popote. Nimesoma mpaka darasa la nne na mwandiko wangu ni wa kuku, lakini haya nitayaandika mwenyewe, na majina nitayataja, kwani hakuna hata mmoja wao aliyeona haya kulitaja langu.

Mwaka ule nilikuwa msichana, nimetoka Pemba. Mamaangu na Zuwena ni watoto wa mtu na dadaake, kwa hivyo nilipoletwa Maskati hakuna aliyethubutu kuniita shaghala, jina waitwalo wafanyakazi wa ndani. Mie nikimwita Zuwena khala, yaani mama mdogo. Wageni wakiuliza, "Na huyu nani?" Zuwena hujibu, "Huyu Mwanajuma, mtu wa nyumbani." Ah, nikafurahi! Kwetu mtu wa nyumbani ni ndugu, ni damu moja. Ilinichukua muda kutambua kwamba kwa Zuwena maana yake ni mtu asiyetoka nyumbani. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, nikikaa na mashine ya kufulia, na mashine ile ikifika pale pa kukamua nguo hutetemeka mpaka kitanda changu kikatembea. Nikilala kichwa kiko dirishani, nikiamka kiko mlangoni. Nguo zangu zilinuka sabuni na za kwao zilinuka udi, na udi wenyewe niliufukiza mie. Ijumaa nikipika pilau na nguru wa kukaanga, natandika busati, naweka sinia, na Nassor, mume wa Zuwena, husema, "Njoo, Mwana, mahali pako papo." Palikuwapo kweli. Lakini kila nikitaka kukaa, mara pilipili, mara maji, mara ndimu, hata nikija kukaa nakuta miiba ya nguru imepangwa pembeni mwa sinia vizuri, kana kwamba nimewekewa.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa haniamrishi kwa jicho, naye ni Bi Shemsa, mama yake Nassor. Alikuwa hawezi miguu, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na hakula chakula ila kwa mkono wangu. Alikuwa na ulimi. Zuwena akipita na manukato yake, bibi hunambia kwa sauti ya kusikika, "Mwana, fungua dirisha, duka limepita." Nikimpenda yule kizee. Na kwa ajili yake ndiyo nikapelekwa Ulaya. Nassor alikuwa ameazimia kuwatembeza mama yake na watoto wakati wa joto la Maskati, wakaone miji ya kale ya Ubelgiji, upande uitwao Flandria, ambako aliwahi kwenda kwa kazi zake akapapenda. Na bibi bila mie hasukumiki.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikuwa napiga pasi suruali za Nassor. Baina ya jiko na ukumbi kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, nacho hakikufungika sawasawa. Simu ikalia, Nassor akapokea. Nikamsikia: "Naam… lini? … Hospitali ipi? … Laa, laa, tiketi zishakatwa." Akaweka mkono juu ya simu akasema na mkewe. Zuwena akajibu, na sauti yake naisikia mpaka hivi leo ikikata kama makasi, "Na mamaako atasukumwa na nani? Utamsukuma wewe?" Kisha Nassor akamwambia yule wa kwenye simu, "Basi tukirudi, inshallah." Zuwena alipoingia jikoni nikamuuliza, "Nani mgonjwa, khala?" Hakupepesa jicho. "Mke wa yule fundi wetu wa gari, wa mtaa wa Ghala. Hali yake si njema. Muombee dua." Nikamuombea. Usiku nilisali nikamuombea mke wa fundi wa Ghala kwa machozi, maskini, mwanamke nisiyemjua. Hata hivi leo sijui kama fundi yule alikuwa na mke.

Mji tuliofikia unaitwa Bruges, na Nassor alipolitamka jina, "Bruji," Bi Shemsa akadakia, "Kama sura ya Buruji! Mji umetajwa ndani ya Msahafu na nyie mnanambia nchi ya makafiri?" Tulicheka garini mpaka machozi. Na buruji ni minara, na mji ule ni wa minara kweli: mmoja mrefu umesimama kwenye uwanja wa katikati, una kengele juu zinazopiga nyimbo, na nyumba zimeuzunguka, nyembamba, kuta za mbele zimepanda ngazi ngazi mpaka juu ya paa, kama watoto wamepanga mstari. Mifereji ya maji inapita nyuma ya nyumba za watu na mabata-maji meupe wanaelea wamenuna. Mtu akipaona atapapenda, siwezi kusema uongo. Lakini njia zote ni za mawe yaliyopandwa ardhini, mviringo juu, na kiti cha Bi Shemsa kwenye mawe yale kilikuwa kinaruka kama mbuzi. Bibi anashika sitara yake, anapiga shahada kila tukivuka njia. Mikono yangu ikatoka malengelenge, yakapasuka, nikasukuma hivyo hivyo. Wao wakiingia makanisani kutazama picha za kale, sisi nje. Wakipanda mashua ya kutembezwa mferejini, sisi juu ya daraja tunapunga mkono. Wakipanga foleni ya mnara, mie nimekaa chini yake na bibi na mikoba na majaketi, na Said, alikuwa kijana wa kuota ndevu, ananigeukia anasema, "Da Mwana, ukituona huko juu usitutupie mawe!" Bibi akanambia, "Usijali, mwanangu. Mnara ni mnara tu. Anayepanda lazima ateremke."

Basi siku ya tatu au ya nne, sikumbuki, tumekaa kwenye meza za nje pale uwanjani, simu ya mkono ya Nassor ikalia. Wakati huo alikuwa nayo yeye peke yake. Akainuka, akaenda kusimama mbali kule penye farasi wa kukokota wageni. Nikamuona ameinamisha kichwa. Zuwena akamfuata. Said akawafuata. Waliporudi, Nassor hakukaa mahali pake, alikuja kukaa ubavuni mwangu, jambo ambalo halijapata kuwa. Akamwita mtumishi wa mkahawa akaniagizia mkate wao ule wa moto wenye vishimo kama sega la nyuki, juu umejazwa krimu na matunda mekundu. "Kula, mwanangu," akasema. Mwanangu! Mwaka mzima hajaniita hivyo. Nikatazama nyuma nikidhani yuko Rahma. Na Zuwena, Zuwena huyu huyu, akashika mipini ya kiti cha bibi kwa mikono yake yenye pete akasema, "Leo nitamsukuma mie. Wewe nenda ukapande mnara na watoto. Umekuja Ulaya, utarudi hujaona kitu?"

Nikapanda. Ngazi zake zimejipinda kama konokono, kamba ya kushikia imelainika kwa mikono ya watu, na Rahma, alikuwa mdogo bado, ananishika nguo kwa nyuma. Tulipotokea juu, kengele zikapiga juu ya vichwa vyetu, na nikaiona nchi yote ile. Tambarare, haina mlima hata mmoja, majani, vijito, minara ya makanisa ya vijiji vingine imesimama mbali moja moja, na Said akaninyooshea kidole akasema kule mwisho ni bahari. Nikacheka. Sijui nilicheka nini. Nilikuwa sijapata kupelekwa mahali pa juu na mtu yeyote. Tuliposhuka wakanipandisha mashua, wakaninunulia mtandio wa buluu, na Nassor akanisimamisha kwenye daraja akanipiga picha, mdomo wazi, meno yote nje. Mashuani Rahma alinikumbatia kiunoni akalia. Zuwena akasema mtoto anaogopa maji. Mie nikamwambia, "Usiogope, Da Mwana yupo." Nilikuwa nimeshaamini kwamba yale ndiyo maana ya mtu wa nyumbani, kwamba mwisho nimefika. Siku ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoziishi. Hili nalisema makusudi, msomaji alishike.

Kesho yake tulikwenda kutazama wanawake wanaofuma lesi. Mwanamke mzee amekaa na mto mapajani, mtoni amechoma pini nyingi, na vijiti vidogo vya nyuzi anavirushanisha vidoleni, taka-taka-taka, na lesi inatoka pale kama povu. Bi Shemsa alitulia kimya akitazama, yeye asiyetulia. Kisha akasema, "Mkono kama wa marehemu mamaako alivyokuwa akishona kofia."

Nikamwambia, "Mamaangu mzima, bibi."

Bibi akanitazama, mdomo ukamcheza. Zuwena akaangua kicheko kabla ya mtu kusema neno. "Huyu kila mtu kwake siku hizi ni marehemu! Juzi kamwita Nassor marehemu." Nassor naye akatia lake, "Nimekufa mimi? Basi chakula cha leo mtajijua." Wakacheka, Said akacheka, na mie nikacheka kwa kuwa wamecheka. Bi Shemsa hakucheka. Akaomba maji. Nilipomnywesha akanishika mkono penye malengelenge, hakuuachia mpaka tumefika hotelini.

Tukarudi Maskati na masanduku yamejaa chakleti na nguo chafu. Nikafua. Nikafua asubuhi, nikafua mchana, kitanda kinatembea. Siku ya pili jioni wakaja wageni kuwapokea wasafiri, majlisi ya wanawake ikajaa, na Zuwena akanipa sinia ya chakleti nipitishe. Nikaanza kwa waliokaa karibu na mlango. Wa kwanza akachukua, akanambia, "Pole, mwanangu." Nikajibu kama ajibuvyo kila msafiri aliyelelewa na mama mwenye adabu: "Nishapoa." Wa pili, Bi Thuwaiba, jirani yetu, akanishika bega, "Pole sana, Mwanajuma." "Nishapoa, bibi, wala haikuwa na tabu." Wa tatu, "Pole, mwanangu, Mungu akupe subira." Nikacheka nikasema, "Subira ya nini, safari yenyewe nzuri mno! Nimepanda mnara!" Na nikaendelea, mgeni baada ya mgeni, pole, nishapoa, pole, nishapoa, na sinia mkononi, nikiona ajabu kidogo kwamba mwaka huu watu wa Maskati wanaionea huruma sana Ulaya. Wengine waliinamisha macho. Wengine walimtazama Zuwena. Lakini chakleti walikula. Naliandika hili pia: walikula.

Mmoja tu, Bi Moza, mwanamke wa Wattaya ambaye wakimcheka kwa kusema ovyo, aliirudisha chakleti yake siniani. "Zuwena," akasema, "mtoto huyu hujamwambia?"

Zuwena akajibu hivi, na majlisi nzima ilimsikia, na waliobaki hai waulizwe: "Nilikuwa nataka amalize nguo kwanza, kisha ndiyo nimkalishe."

Sikuiangusha sinia. Wanaosimulia kwamba niliiangusha ni waongo. Niliiweka mezani, nikaisawazisha ikakaa katikati. Nikauliza, "Mamaangu?" Bi Moza akaitikia kwa kichwa. Nikauliza, "Lini?" Zuwena akaanza maneno yake, kadari, ajali haina kinga, mtu hapewi habari ya msiba ugenini, roho yake itapasuka. Na Rahma, mtoto yule, kutoka kwenye pembe ya pazia akasema, "Siku uliyopanda mnara."

Ada ya kumficha msafiri msiba naijua, nimezaliwa nayo, na si ada mbaya. Mtu yuko peke yake nchi ya watu, hana wa kumshika asianguke, basi husubiriwa afike kwa watu wake. Lakini ada ile imewekwa kuulinda moyo wa msafiri. Nassor na Zuwena waliitumia kuilinda safari. Simu ya kwanza iliwafikia na pasi iko mkononi mwangu, nami niko Maskati, na ndege za Unguja zipo, na mamaangu ana pumzi. Wangenambia ningemkuta. Ningempa maji. Badala yake walinipa mkate wa krimu. Na kibaya kuliko vyote ni kwamba nilikuwa na siku moja nzuri maishani na wakaniwekea maiti ndani yake. Nikiikumbuka ile nchi tambarare na zile kengele, nakumbuka kwamba saa zile walikuwa wanamteremsha mamaangu, na mwanawe yuko juu anacheka. Picha ile ya darajani Zuwena aliitia fremu. Ipo ukumbini kwake hata leo. Akiwaonesha watu husema, "Tazameni Mwana alivyofurahi. Nani atasema tulimtesa?"

Bi Shemsa alikufa kabla ya mwaka kwisha, nikamuosha mie. Siku ya pili yake nikatoka nyumba ile na mkoba mmoja. Nilikaa kwa Bi Moza, nikajifunza cherehani, nikaolewa, nikafiwa na mume, na sasa nashona Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Rahma ndiye peke yake aliyekuwa akinitafuta, tangu msichana mpaka kawa mama wa watoto. Hatujapata kuizungumza siku ile ya majlisi. Anakuja, anakunywa chai, ananiletea kitambaa nimshonee, anaondoka.

Basi Said aliponambia usimwambie Rahma, nilikata simu, nikampigia Rahma. Nilipiga mie, asije mtu akasema nilichokozwa. Akapokea kwa picha, kavaa koti, shavu limekuwa jekundu kwa baridi. "Da Mwana! Ngoja, ngoja, nikuoneshe mnara wako!" Akageuza simu. Ule ule. Watoto wake wanakula chipsi kwenye karatasi chini yake.

"Rahma, kaa kitako."

"Kuna nini?"

"Mamaako yuko hospitali, damu imevuja kichwani. Hajafa. Nakwambia tena, hajafa. Unaweza kumkuta, na unaweza usimkute. Wanakuficha mpaka urudi."

Kengele zikapiga nyuma yake, wimbo mzima, nikausikiliza mpaka ukaisha, sina pa kukimbilia. Akasema, "Said anajua kama unanambia?"

"Said ndiye aliyenikataza."

Akakata.

Said alinikuta jikoni kwao, nachuja kahawa ya wageni. Akafunga mlango ili wasimsikie. "Umemuharibia mtoto wa watu safari yake! Analia uwanja wa ndege na watoto mkononi! Wewe, Da Mwana, una chuki na mamaetu."

"Nnayo," nikamwambia.

Hakutarajia. Akabaki na kidole hewani.

"Nnayo, na siifichi. Lakini chuki isingempigia simu Rahma, Said. Chuki ingenyamaza, ikamwacha apande mnara."

Sikumaliza kahawa. Nilimwachia chujio mkononi nikachukua teksi mpaka hospitali, nikakaa ukumbini nje ya chumba cha mahututi. Ndugu wakipita wananikwepa kama maji machafu. Bi Thuwaiba, kazeeka sasa, alipita akanambia, "Hukuwa na haki." Nikamjibu, "Chakleti zilikuwa tamu?" Akaenda zake.

Rahma alifika siku ya pili yake mchana, na koti lake la baridi mwilini kwenye joto lile la Maskati, nywele zimetoka mtandioni, anakimbia. Aliponiona akasimama ghafla. Nikainuka.

"Pole, Rahma."

Hakujibu nishapoa. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama midomo yangu kama kiziwi. "Pole na nini, Da Mwana? Na safari au na msiba?"

"Na safari," nikamwambia. "Mamaako yuhai. Ingia."

Akaingia. Mie sikuingia.